Dawa Ndani, Sindano Nje: Serikali, Unga na Ukimwi tangu miaka ya 1990

Februari 2017 watu wa Dar es Salaam hawakuwa na mazungumzo mengine. Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alikuwa akitaja majina hadharani: kwanza wasanii na askari polisi, kisha orodha ya watu 65 wakiwamo wanasiasa na wafanyabiashara wakubwa, wote wakitakiwa wafike polisi kuhojiwa juu ya dawa za kulevya. Tarehe 10 Rais John Magufuli akamteua Rogers Siyanga kuwa Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, chombo ambacho sheria yake ilipitishwa 2015 lakini wananchi wengi walikuwa hawajakisikia. Kabla mwezi haujaisha, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba vituo 40 vya mitaani vilivyokuwa vikiwahudumia watu wa makundi yaliyo katika hatari kubwa ya Ukimwi visitoe tena huduma hizo.

Mwezi huohuo, kila siku, Jumapili ikiwamo, mamia ya watumiaji wa heroini walikuwa wakipanga foleni Muhimbili, Mwananyamala na Temeke. Walisogea dirishani mmoja mmoja, wakataja namba zao, wakanywa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, mbele ya mhudumu, wakaondoka. Hakukuwa na kamera wala pingu. Waliokuwa wakiwanywesha ni watumishi wa hospitali za serikali, serikali ileile iliyokuwa ikisoma majina.

Ukitaka kuielewa sera ya Tanzania juu ya watumiaji wa unga na Ukimwi, anzia kwenye picha hizo mbili. Haikuwahi kuwa sera moja. Afya walikuwa na yao, polisi na yao, na wafadhili wakaja na masharti ya nchi zao. Katika mvutano huo dawa ilipata mlango wa kuingilia hospitalini, sindano safi ikaachwa barabarani. Kwa nini ilikuwa hivyo? Jibu lina historia ndefu, na sehemu yake iko Washington.

Brauni, kisha nyeupe

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, vilevi vya vijana wa pwani vilikuwa bangi, gongo na mirungi. Wenye vijisenti waliongeza vidonge vya mandraksi. Heroini ilikuja na mabaharia na wasafiri, kutoka Asia, na bandari zetu zikawa kituo cha mzigo uliokuwa ukielekea Ulaya. Mzigo wa kupita haupiti wote. Wabebaji wengine walilipwa kwa unga badala ya fedha, na waliolipwa hivyo walitafuta wateja karibu na nyumbani: Zanzibar, Mombasa, Malindi, Dar es Salaam.

Ile ya kwanza ilikuwa ya rangi ya kahawia, brauni. Ilivutwa, mara nyingi ikichanganywa na bangi na tumbaku katika msokoto ulioitwa kokteli. Brauni haiyeyuki kirahisi katika maji. Inataka moto na kitu kichachu kama ndimu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe, ambayo inayeyuka bila taabu. Hapo sindano ikawa na maana ya kiuchumi. Anayevuta anapoteza sehemu ya kete yake hewani. Anayejidunga hapotezi kitu, na kwa mtu anayetafuta kete tatu au nne kwa siku ili asishikwe na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, hesabu hiyo ina uzito kuliko hotuba yoyote.

Njia yenyewe imezidi kupanuka. Januari 2012 polisi walikamata zaidi ya kilo 200 za heroini Lindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikuta kilo 1,032 ndani ya jahazi moja karibu na pwani ya Afrika Mashariki. Miezi minne baadaye serikali ya Kenya ililipua baharini meli ya Al Noor iliyokuwa imekamatwa na mamia ya kilo, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Ni tamthilia nzuri kwa televisheni. Lakini wazungu wa unga, wafanyabiashara wakubwa wa dawa hizo, hawajidungi. Wanaojidunga wako vijiweni, na hao ndio makala hii inawahusu.

Sheria ya kwanza kubwa ya Tanzania juu ya jambo hili ni ya 1995, Sheria Namba 9. Ndiyo iliyounda Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Ukiisoma unaona waliyekuwa wakimfikiria: msafirishaji, mwenye mzigo, mwenye fedha za kutaifishwa. Mtumiaji naye akaingizwa humo, akiwa mhalifu wa daraja la chini. Kwa kuwa ndiye rahisi kukamatika, ndiye aliyejaa vituoni.

Damu ya rafiki

Katika miaka hiyohiyo nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya Ukimwi. Tume ya Kudhibiti Ukimwi, TACAIDS, iliundwa 2001. Mabango yalikuwa kila kona, na karibu yote yalizungumza juu ya ngono: subiri, kuwa mwaminifu, tumia kondomu. Kwa nchi ambayo maambukizi yake mengi yalipitia huko, haikuwa kosa. Ila aliyekuwa akichangia bomba moja la sindano na wenzake watatu kwenye gofu la Kinondoni hakujiona katika bango hata moja.

Waliomwona walikuwa watafiti wachache. Profesa Gad Kilonzo na wenzake wa Muhimbili, pamoja na Sheryl McCurdy na timu yake kutoka Texas, walianza kwenda vijiweni na mageto ya Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 walichapisha katika jarida la British Medical Journal taarifa fupi iliyowashtua waliokuwa wakidhani wanaifahamu biashara ya sindano duniani. Walikuta wanawake, wengi wao wakiishi kwa kuuza mwili, wakifanya hivi: mmoja aliyepata kete anajidunga, kisha anavuta damu yake irudi ndani ya bomba mpaka ijae, na kumpa rafiki ambaye hana fedha na arosto imeshamkamata. Rafiki anajidunga damu ile, akiamini ndani yake mna heroini ya kumtuliza.

Kitabibu, hamna. Kiasi kilichobaki katika damu ile hakiwezi kumsaidia mtu. Kinachofika salama ni virusi, kwa wingi ambao hata kuchangia sindano ya kawaida hakuufikii. Nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi, na kinachonikaa akilini zaidi ya hatari yake ni kwamba kitendo chenyewe kilikuwa cha huruma. Wanawake wale walikuwa wakigawana walichokuwa nacho. Mtu anayefanya jambo kama hilo hahitaji kuambiwa ajihurumie au awahurumie wenzake. Anahitaji sindano yake mwenyewe na kitu cha kuzima arosto.

Takwimu zilifuata. Utafiti wa Dar es Salaam katika miaka hiyo ulikuta takriban asilimia 42 ya waliokuwa wakijidunga wana virusi vya Ukimwi, wanawake wakiwa mbali zaidi juu ya wanaume. Uchunguzi wa kitaifa wa 2003-04 ulikuwa umekuta asilimia 7 kwa watu wazima wa Tanzania Bara. Zanzibar tofauti ilikuwa kubwa kuliko hiyo: visiwani maambukizi ya watu wa kawaida hayafiki hata asilimia 1, lakini uchunguzi wa 2007 ulikuta asilimia 16 kwa wanaojidunga. Visiwa vilivyokuwa vikijisifu kuwa Ukimwi umevipita kando vilikuwa na ugonjwa wote umejikusanya katika kundi moja, na kundi hilo lina wake, wapenzi na wateja.

Walioanza kabla yetu

Duniani jambo hili halikuwa geni. Amsterdam ilianza kubadilishana sindano rasmi 1984, baada ya watumiaji wenyewe kujiunda chama na kudai huduma, na sababu ya mwanzo haikuwa hata Ukimwi bali homa ya ini aina ya B. Edinburgh, Uskochi, ilifuata njia ya kinyume. Polisi waliwabana wauzaji wa sindano na waliokutwa nazo, na heroini ikaendelea kuuzwa kama kawaida. Kipimo cha virusi kilipopatikana 1985, daktari wa kliniki moja ya mitaa ya mafukara alipima sampuli za wagonjwa wake wanaojidunga akakuta nusu wameshaambukizwa. Mji uliokuwa mgumu kuliko mingine ndio uliolipa ghali kuliko mingine. Katika miaka iliyofuata Uingereza iligeuza sera yake.

Methadoni nayo ni ya zamani zaidi. Ilitengenezwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na katikati ya miaka ya 1960 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York wakaonyesha kwamba mraibu wa heroini akipewa methadoni kwa kinywa mara moja kwa siku, kwa kipimo kinachotosha, anaacha kutafuta kete. Haimlevyi aliyezoea. Inakaa mwilini zaidi ya saa ishirini na nne, inajaza pale ambapo heroini ingejaza, na kumwachia mtu siku nzima ya kufanya kitu kingine. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Barani Afrika aliyetangulia ni Mauritius. Mwaka 2005, katika visa vipya vya virusi vya Ukimwi vilivyogunduliwa kisiwani humo, asilimia 92 vilikuwa vya watu wanaojidunga. Serikali ikapitisha sheria mpya ya Ukimwi 2006 iliyoruhusu kubadilishana sindano, na mwaka huohuo methadoni ikaanza. Kufikia 2014 sehemu ya wanaojidunga katika visa vipya ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Mauritius walifanya yote mawili kwa pamoja, dawa na sindano, na waliandika sheria kwanza. Sisi hatukufuata utaratibu huo.

Dirisha la Muhimbili

Kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011, na hutajwa kuwa ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Nyuma yake walikuwamo Chuo Kikuu cha Muhimbili, Wizara ya Afya, Tume ya Dawa za Kulevya na fedha za Marekani kupitia mpango wa Ukimwi wa PEPFAR. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili Jessie Mbwambo ndiye aliyeiongoza kwa miaka mingi, na bila ukaidi wa watu kama yeye sidhani kama ingefunguliwa mwaka huo.

Wagonjwa hawakuja wenyewe kutoka barabarani. Waliletwa na asasi ndogo za mitaani, kama waelimishaji rika wa Kimara, waliokuwa wakizunguka vijiweni, wakiwaandaa watu kwa wiki kadhaa na kuwafikisha hospitalini. Wengi wa waelimishaji hao walikuwa wamepita njia hiyohiyo ya unga. Hospitali ilipata dawa na madaktari. Kilichowafanya mateja waiamini hospitali ni watu hao.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya udaktari wa kweli, yenye mikasa ambayo hakuna aliyeiweka kwenye mpango. Wengi walikuwa na Ukimwi, na wengi walikuwa na kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hulifanya ini liichome methadoni haraka kuliko kawaida. Nevirapini na efavirenzi, dawa za kufubaza virusi zilizokuwa zikitumika miaka ile, hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mgonjwa anayetii kila alichoambiwa, akameza vidonge vyake vyote, anaamka usiku na arosto, jasho linamtoka, mifupa inauma. Anafikiri dirishani wamempunja. Asipopandishiwa kipimo cha methadoni mapema anarudi kijiweni, na kitabu kinaandika kwamba ameacha tiba. Dawa mpya ya dolutegravir, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kwa wingi 2019, haina ugomvi huo na methadoni, na hilo limewapunguzia madaktari wa kliniki hizi kazi kubwa.

Kulikuwa na tatizo la nauli. Methadoni hunywewa kila siku, na kliniki ilikuwa moja. Mtu anayekaa Mbagala au Bunju, asiye na kazi, alitakiwa kupanda daladala kwenda na kurudi siku zote za mwaka. Na kulikuwa na tatizo la wanawake: katika miaka ya mwanzo hawakufika hata mmoja kati ya wagonjwa kumi, ilhali wao ndio waliokuwa wameambukizwa zaidi. Wanaofanya kazi usiku hawaamki kuwahi foleni ya asubuhi. Mwenye mtoto anaogopa kuonekana. Mwanamume akiitwa teja ni aibu ya familia. Mwanamke akiitwa teja, familia yenyewe humkana.

Mwananyamala ikafuata mwishoni mwa 2012, kisha Temeke. Zanzibar ilifungua yake Kidongo Chekundu 2015. Visiwani walikuwa wameshatangulia na kitu kingine, nyumba za upataji nafuu, ambako waliokuwa waraibu waliwapokea waraibu na kuishi nao kwa kanuni za kuacha kabisa. Maambukizi ya wanaojidunga Zanzibar yalikutwa yameshuka hadi asilimia 11.3 katika uchunguzi wa 2012, kabla ya methadoni kufika.

Sindano ilipokwama

Kwa nini basi sindano haikuingia pamoja na dawa? Wengi wetu tungejibu haraka kwamba ni maadili, dini, polisi. Vyote vimo. Lakini angalia mwenye fedha alikuwa nani. Bunge la Marekani lilikuwa limepiga marufuku tangu 1988 matumizi ya fedha za serikali yao kununulia watumiaji sindano. Marufuku hiyo iliondolewa mwishoni mwa 2009, na Julai 2010 PEPFAR ikatoa mwongozo ulioruhusu sindano safi pamoja na methadoni. Desemba 2011 Bunge hilohilo likairudisha. Muhimbili ilifunguliwa ndani ya dirisha hilo la miaka miwili, na lilipofungwa kilichobaki kikilipiwa na Marekani kilikuwa methadoni peke yake. Wabunge waliokuwa wakigombana juu ya mitaa ya Baltimore na San Francisco walikuwa, bila kujua, wakipanga kitakachofika Temeke.

Sindano zilifika Temeke kwa mkono mwingine. Shirika la Ufaransa la Médecins du Monde lilianza huko kazi ya kugawa sindano safi na kukusanya zilizotumika, pamoja na kuwapima na kuwaganga watu vidonda. Uchunguzi wao wa 2011 katika wilaya hiyo ulikuta asilimia 35 ya wanaojidunga wana virusi vya Ukimwi na asilimia 28 wana homa ya ini aina ya C. Kazi ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya wilaya moja na ya shirika moja la kigeni, na sheria haikuwa imebadilika. Shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti yake juu ya Tanzania Juni 2013, watumiaji walieleza vipigo, rushwa na kukamatwa hovyo na polisi pamoja na sungusungu. Kwa askari, bomba mfukoni ni ushahidi. Kwa mtumiaji, basi, kutembea na sindano safi ni hatari kuliko kuiacha getoni na kuazima ya mwenzake akifika. Serikali ilikuwa inamwambia kwa mdomo mmoja atumie sindano yake, na kwa mwingine asionekane nayo.

Hoja ya wanaopinga si ya kupuuza. Mzazi ambaye mwanawe ameuza televisheni, magodoro na vyombo vya jikoni, akisikia serikali inampa kijana huyo sindano ya bure, anasikia serikali imemkatia tamaa mwanawe. Kenya waliyasikia hayo kwa sauti kubwa 2012, serikali yao ilipotangaza mpango wa sindano. Viongozi wa dini wa Mombasa walikuja juu, na wakazi nao. Lakini Kenya ilikuwa imepata funzo lake. Mwisho wa 2010 na miezi ya kwanza ya 2011 heroini iliadimika ghafla katika pwani yao. Watu wakaanguka na arosto Mombasa, Malindi na Lamu kwa pamoja, hospitali hazikuwa na cha kuwapa, na viongozi wakaona kwa macho ukubwa wa jambo walilokuwa wakilipuuza. Utafiti wa 2011 ulikuta takriban asilimia 18 ya wanaojidunga nchini humo wana virusi.

Kenya haikurudi nyuma. Ilizungumza na masheikh na maaskofu, ikagawa sindano kupitia asasi zilizokuwa zikiaminika pale zilipo, kama Reachout ya Mombasa, Omari Project ya Malindi na MEWA, ambayo ni asasi ya Waislamu. Methadoni ikaanza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ikashuka Malindi mwanzoni mwa 2015. Kwa hiyo Kenya, iliyochelewa karibu miaka minne kwa dawa, ikatutangulia kwa mpango wa serikali wa sindano. Uganda ilifungua kliniki yake ya methadoni Butabika mwaka 2020.

Mkono wa kulia na wa kushoto

Turudi kwenye sheria ya 2015. Ilifuta Tume ya kuratibu na kuweka Mamlaka yenye nguvu ya kukamata na kupeleleza, na marekebisho ya 2017 yakaongeza ukali wa adhabu za usafirishaji. Asasi za watumiaji, kama mtandao wa TaNPUD ulioundwa na waraibu wenyewe, ziliiogopa. Katazo la vituo 40 lililenga zaidi huduma za mashoga, lakini wanaofanya kazi mitaani waliliona kuwa onyo kwa kila mtu: waelimishaji rika wakapunguza mwendo, na sindano ikazidi kuwa neno la kutamkwa chini chini.

Methadoni haikuguswa. Zaidi ya hapo, ilipanuka. Mamlaka ileile yenye askari na magari ndiyo ikawa mratibu wa kliniki, na mikoa ambayo hakuna aliyeifikiria 2011 ikafikiwa: Mbeya, Mwanza kwenye hospitali ya Sekou Toure, Dodoma kule Itega, Tanga, Arusha, Pwani. Gereza la Segerea likapata yake. Unga ulipoadimika mitaani kwa sababu ya operesheni, foleni za kliniki zilirefuka. Hilo wakubwa wa Mamlaka walilichukulia kuwa ushindi, na sioni sababu ya kuwabishia. Mtu anayekimbilia hospitali badala ya kufa kichochoroni amepona, aliyemsukuma awe daktari au askari. Leo zaidi ya watu 10,000 wako katika tiba hiyo nchini.

Lakini makadirio ya kitaifa ya 2014 yalikuwa watu 30,000 wanaojidunga, na mara kumi ya hao wanaotumia dawa za kulevya kwa njia mbalimbali. Wengi wa wanaojidunga, basi, hawajafika dirishani, na baadhi hawatafika mwaka huu wala mwakani. Kwa hao methadoni ni habari ya watu wengine. Miongozo ya Wizara ya Afya kwa makundi yaliyo hatarini, tangu 2014, imekuwa ikitaja kupunguza madhara kuwa sehemu ya kinga ya Ukimwi. Mwongozo, hata hivyo, haumzuii askari wa doria kumkamata mwenye bomba. Sheria ndiyo inayoweza, na sheria iko kimya.

Kisha kikaja kisa cha Januari 2025. Rais Donald Trump, siku ya kwanza ya kurudi madarakani, alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Ruhusa maalumu zilizotolewa baadaye ziliokoa dawa za kufubaza virusi. Kazi ya kinga kwa makundi yaliyo hatarini, pamoja na waelimishaji rika waliokuwa wakilipwa posho kwa fedha hizo, ilitikisika. Kwa mara nyingine uamuzi wa Washington ukafika mtaani kwetu kabla ya uamuzi wa Dodoma. Miaka kumi na minne baada ya dirisha la Muhimbili kufunguliwa, tulikuwa bado hatujaamua wenyewe nani alipe.

Wabunge wanaokaa Dodoma kila Aprili kujadili bajeti wana mambo mawili wanayoweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili. La kwanza ni kuweka methadoni na mishahara ya waelimishaji rika katika fungu la Wizara ya Afya, kama zinavyowekwa chanjo. La pili ni kifungu kimoja katika sheria ya 2015, kinachosema kwamba mtu aliyekutwa na sindano aliyopewa na kituo cha afya hajatenda kosa. Mauritius walikiandika chao 2006.